Vidole Viwili vya Kupumulia

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, mke wa Fundi Tepu alitoa hukumu yake. Aliitoa akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Ijumaa ndiyo siku yangu ya mwisho kazini," alisema. "Saa kumi jioni nitatoka pale langoni mwa hospitali nikiwa nimestaafu. Ukija kunichukua na gari lako, nitapanda. Usipokuja nalo, Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja na gari lake kulichukua lako. Nimeshaongea naye."

"Umeongea naye? Bila kuniambia?"

"Si nakuambia sasa?"

Akavaa kile kiatu cha pili, akachukua mkoba, akaenda zake kuzalisha wanawake wenzake. Fundi Tepu akabaki anaitazama chai yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

Jina la Tepu walimpa mtaani kwa sababu ya ile tepu ya kupimia iliyokuwa haimtoki shingoni. Alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini, bingwa wa makoti, na usiku mkewe ndiye aliyekuwa akimvua ile tepu kabla ya kulala, la sivyo angelala nayo. Mtu mpole, mtaratibu, ila mbishi wa vipimo. Ukibishana naye kuhusu kiuno chako mwenyewe, unashindwa.

Na gari? Gari lilikuwa uani, chini ya turubai, juu ya mawe manne. La zamani kweli, la enzi zile magari yalipokuwa na mashavu na makalio. Alilinunua miaka kumi na miwili iliyopita kwa mwalimu mkuu mstaafu, likavutwa kwa kamba hadi nyumbani kwa kuwa injini ilikuwa imegoma, na siku hiyohiyo akamwapia mkewe kwamba atampandisha kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha. Kisha siku moja akarudi kutoka safari ya kununua vitambaa na kukuta magurudumu yote manne hayapo, gari limekalishwa juu ya mawe. Wezi waungwana sana hao, majirani walisema, maana mawe yenyewe yalipangwa sawasawa na hata rangi haikukwaruzwa.

Uungwana wao haukumsaidia kitu Tepu. Kila Jumapili kwa miaka kumi na moja alifunua turubai, akafuta vumbi, na huku akifuta akawalaani wezi wale: wao, mikono yao, na migongo yao iliyobebea. Mkewe alikuwa akikaa kizingitini akimenya vitunguu, akimsikiliza, haongezi neno wala hapunguzi.

Lakini mvumilivu alikuwa, Tepu. Kidogo kidogo injini ikatengenezwa na rafiki yake fundi magari, yule waliyemwita Spana. Viti akavishona mwenyewe upya, mshono mara mbili, na kiti cha mbele cha abiria akakikata kwa kipimo cha mkewe ambacho alikijua kwa kichwa. Kilichobaki ni magurudumu tu. Na hayo alikuwa ameshayaagiza kwa simu, kutoka kwa muuza spea wa mji mwingine. Ndiyo maana Jumatatu ile, baada ya kuitazama chai vya kutosha, aliinywa kwa raha zake. Mnunuzi wa vyuma chakavu atajua hajui.

Magurudumu yakafika Jumatano. Matairi mapya, na ringi zake, ile sehemu ya chuma ya katikati, ziling'aa mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Majirani wakaja kuangalia. Spana akafika na jeki, akaliinua gari upande mmoja, akabeba gurudumu la kwanza, akalisogeza mahali pake.

Halikuingia.

Akaligeuza kidogo. Halikuingia. Akaweka goti chini, akachungulia. Bolti za gari tano, matundu ya ringi matano, lakini bolti ziko huku na matundu yako kule. Kila tundu lilikuwa limepishana na bolti yake kwa nusu inchi, ukubwa wa kidole.

"Jaribu lingine," Tepu akasema.

Wakajaribu la pili, la tatu, la nne. Jirani mmoja akashauri waligonge na nyundo. Spana akamwangalia yule jirani mpaka akaondoka.

"Fundi mwenzangu," Spana akauliza kwa upole wa daktari, "yule muuza spea alikuuliza nini?"

"Aliuliza bolti ngapi, nikasema tano. Akauliza duara linalopita kwenye bolti lina upana gani, nikapima."

"Ulipimaje?"

"Kama ninavyopima siku zote." Akavua tepu shingoni, akapiga magoti, akazizungushia bolti zote tano kwa nje, taratibu, tepu isilegee wala isibane. "Unaona? Kumi na tano. Mzunguko huo. Nikaongeza inchi moja na nusu, ikawa kumi na sita na nusu. Shuleni tulifundishwa mzunguko ukigawanya kwa tatu na ushee unapata upana. Ushee nikauacha. Nikapata tano na nusu."

Spana akaitazama tepu. "Umelipima gari kiuno."

"Duara ni duara!"

"Na hiyo inchi moja na nusu uliyoongeza ni ya nini?"

"Vidole viwili. Vya kupumulia." Tepu alishangaa kuulizwa kitu kama hicho. "Huwezi kumkatia mtu nguo ikamgusa hivihivi. Akila je? Akikaa je?"

"Gari, Tepu! Gari likila linashiba wapi?"

Hapo Spana akashindwa kujizuia. Alikaa juu ya gurudumu lile jipya, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha grisi, na kila alipotaka kunyamaza alitazama ile tepu na kuanza upya. Tepu alisimama pale kama mtoto aliyevunja sahani. Usicheke na wewe. Miaka thelathini mkono umezoea kuongeza vidole viwili, utauambia nini mkono?

Akajikaza. "Tuyatanue matundu basi. Mimi nguo ikibana naitanua."

Kicheko kikakatika. "Sikiliza. Suruali ikikuachia barabarani utapata aibu. Gurudumu likikuachia barabarani, mkeo atastaafu saa kumi na kuwa mjane saa kumi na nusu. Sitanui tundu hata moja."

Tepu akampigia muuza spea. Muuza spea akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba bidhaa ambayo mteja amejipimia mwenyewe hairudishwi. Tepu akafungua mdomo abishe, macho yake yakaangukia kibao kilichoning'inia juu ya cherehani yake, alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: NGUO ULIYOJIPIMIA NYUMBANI HAIRUDISHWI. Akafunga mdomo, akakata simu.

Kabla hajaondoka, Spana alimfundisha. Bolti zikiwa tano hakuna inayotazamana na mwenzake, kwa hiyo unaanzia katikati ya bolti moja, unairuka ya jirani, unapima mpaka ukingo wa nje wa ile inayofuata. Wakapima pamoja. Inchi nne na nusu, bila cha kupumulia.

"Tafuta ringi ya matundu matano, nne na nusu," Spana alisema. "Lakini za gari la zamani hivi, kwa siku moja na nusu? Labda uzae."

Alhamisi Tepu hakufungua duka. Alitoka na tepu yake shingoni akapita mtaa kwa mtaa, akichuchumaa kwenye kila gurudumu lililosimama. Alipima teksi. Alipima lori la mchanga. Alipima gari la mkuu wa shule, mkuu mwenyewe akiwa ndani anaongea na simu. Nje ya duka la seremala akachuchumaa kwenye gari la kubebea majeneza, dereva wake akatoa kichwa dirishani akamwambia, "Mzee, usijisumbue, siku ikifika tutakupima sisi." Bolti nne, bolti sita, bolti tano zilizobanana, bolti tano zilizoachana. Nne na nusu hakuna.

Saa nane mchana alirudi nyumbani miguu imekufa ganzi, akajitupa kwenye benchi lake barazani. Kwa mara ya kwanza alijiruhusu kuliwaza lile jambo mpaka mwisho: Jumamosi, kamba, gari likikokotwa kutoka uani, na mkewe akitazama kutoka kizingitini. Moyo ulimuuma hasa. Si kwa ajili ya chuma. Ni kwamba alikuwa amemwahidi yule mwanamke kitu kimoja tu maishani kwa kiapo, na hicho kimoja kimemshinda.

Ndipo akaingia Breki na maji.

Breki alikuwa msukuma mkokoteni, na aliitwa hivyo kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nayo. Kwa miaka alikuwa akileta maji nyumba ile kila Alhamisi. Alishusha madumu, moja likamponyoka, kifuniko kikaruka, maji yakamwagika juu ya gurudumu la mkokoteni na kulisafisha tope lake lote. Tepu, kwa mazoea tu ya siku ile, akachuchumaa na tepu yake. Bolti tano. Katikati ya hii, ruka, ukingo wa ile. Nne na nusu.

Akapima tena. Nne na nusu. Kisha akaona rangi.

Chini ya tope ringi ile ilikuwa ya kijani, na si kijani cha kawaida. Alimshika Breki mkono, akamkokota bila maelezo, wakazunguka nyumba mpaka uani, wakasimama mbele ya mlango wa choo. Mlango ule Tepu aliupaka mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita, na rangi iliyobaki koponi, kwa kuwa hakutaka ipotee bure, alizipaka ringi za gari.

"Hii ni rangi gani?" akauliza.

"Kijani, mzee."

"Na gurudumu lako?"

Breki akatazama mlango. Akageuka, akatazama kule alikouacha mkokoteni. "Kijani, mzee," akasema polepole.

"Mwizi! Miaka kumi na moja unaniletea maji kwa magurudumu yangu mwenyewe!"

"Haa, mzee, usinitukane!" Breki naye akapandisha sauti. "Mimi sijaiba hata sindano! Nilipewa, mchana kweupe, mawili yangu na mawili ya kaka yangu. Muulize mama mkunga mwenyewe."

"Mama mkunga yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Mkewe alirudi saa kumi na moja. Alimkuta mumewe ameketi kwenye kizingiti kile ambacho yeye humenyea vitunguu, na gurudumu la kijani limeegemezwa ukutani. Hakuuliza limetoka wapi. Aliweka mkoba chini, akakaa kando yake.

"Kumbe umeliona," akasema.

"Nimewalaani wezi kila Jumapili. Kila Jumapili! Na wewe umekaa hapahapa!"

"Nilikuwa nasikia. Mgongo uliniuma kweli mwaka ule."

"Usinichekeshe. Nina hasira."

"Basi uwe na hasira, lakini unisikilize." Akakunja mikono mapajani. "Breki alimleta mkewe kujifungua. Mkokoteni wake wakati ule ulikuwa na magurudumu ya mbao, barabara yenyewe unaijua. Njia nzima yule binti alirushwa kama mahindi kwenye ungo. Aliponifikia hakulia uchungu wa mtoto, alilia ule mkokoteni. Mtoto alitoka salama, Mungu mkubwa, lakini mimi nilirudi nyumbani sina usingizi. Nikachungulia dirishani, nikaliona gari lako. Magurudumu manne, mpira mzima, yamesimama hayabebi mtu. Ukasafiri siku mbili kununua vitambaa. Nikawaita Breki na kaka yake."

"Na mawe?"

"Mawe niliyapanga mimi. Nilitaka lisichubuke."

Tepu akaligusa lile gurudumu. "Ungeniambia," akasema.

"Ungekubali?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa vipimo, na kudanganya kipimo hakuwezi. "Mwaka ule? Hapana."

"Ndiyo maana wakaja wezi." Mkewe akajaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Tangu hapo wanawake wa upande huu wote wanakuja kwangu juu ya magurudumu yale. Sijutii hata kidogo. Ila kila nikipita uani nikaliona gari lako limekaa juu ya mawe, linanisuta. Ndiyo maana nilitaka liondoke kabla sijaanza kukaa nyumbani nalo mchana kutwa. Sitaki kudanganya. Na nisamehe."

Tepu akainuka, akaenda kulitazama gari lake. Lakini usiku mkewe alipomvua tepu shingoni, aliinamisha kichwa kumrahisishia, na yeye akajua amesamehewa.

Ijumaa asubuhi Breki na kaka yake wakaleta mikokoteni yote miwili uani. Breki alikuwa na masharti yake, na aliyasema kwa kidole. Ringi zile mpya zinazong'aa wapewe wao, maana mkokoteni hauchagui, mchomeleaji atauwekea kitovu, pale bolti zinapokaa, cha kipimo chochote, hata cha kupumulia. Hilo likakubaliwa haraka kuliko alivyotegemea. La pili: bomba la wodi ya wazazi lilikuwa limekauka tangu Jumanne, na leo wanasubiri madumu ishirini. "Magurudumu yakienda na gari, maji yaende na gari," Breki alisema. "Sitaki kulaaniwa na wazazi."

Mikokoteni ikakalishwa juu ya yale mawe manne. Magurudumu ya kijani yakaingia kwenye bolti zake kimya kimya, kama mtu anayerudi chumbani kwake. Spana alikaza nati moja, akaruka ya pili, akakaza ya tatu, akizunguka kwa kurukaruka.

"Mbona hufuati mstari?" Tepu akauliza.

"Ukifuata mstari linakaa upande."

"Ahaa. Kama kubandika mkono wa koti," akasema Tepu, na kwa mara ya kwanza wiki ile wale mafundi wawili wakaelewana.

Spana akafunga boneti. "Injini nimeijaribu, inaitika. Ila tangini nimetia petroli chupa moja tu ya soda, ya kujaribia. Kabla hujaenda popote, pitia kituo cha mafuta. Umenisikia?"

"Ndiyo, ndiyo," Tepu alijibu. Alikuwa anapiga pasi koti lake.

Saa tisa na nusu gari likatoka uani. Madumu kumi na mawili juu ya paa, manane na ndugu wawili kiti cha nyuma, makalio ya gari yamekaribia kugusa ardhi, na Tepu usukani, ndani ya koti, tepu shingoni. Watu walisimama. Yule dereva wa gari la majeneza akavua kofia. Walipita duka la seremala, wakapita shule, wakapita kituo cha mafuta, Tepu akiwapungia mkono wauza mafuta, wauza mafuta nao wakimpungia. Walipoanza kupanda kilima cha hospitali, gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.

"Mafuta," Breki akasema.

Tepu akashika kichwa. Wiki nzima wamezungumza magurudumu, wameota magurudumu, na mafuta hakuna aliyeyaota. Saa ya mkononi ilionyesha kumi kasoro tano.

"Mzee, usilie," Breki alisema huku akifungua mlango. "Maji ni yaleyale, magurudumu ni yaleyale, kilima ni kilekile. Sisi tumekizoea." Yeye na kaka yake wakaenda nyuma, wakaweka mabega. Gari likapanda.

Langoni mkewe alikuwa amesimama na wauguzi wenzake saba na ua la kuagwa mkononi. Aliona taa mbili za mviringo zikichomoza kilimani, taratibu, bila mlio wowote. Lango likafunguliwa. Gari likasimama mbele yake, Tepu akashuka, akavuta koti.

"Mbona linasukumwa?" mkewe akauliza.

"Mafuta."

"Yamefanya nini?"

"Hayapo." Tepu akainyoosha tepu shingoni. "Lakini ulisema nije na gari. Hukusema lije kwa miguu ya nani."

Wauguzi wakaangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa. Mkewe hakucheka. Alikuwa anatazama chini, kwenye ringi za kijani zilizorudi mahali pake, na akazitazama sana, mpaka madumu ishirini yakaisha kushushwa. Kisha akamgeukia Breki, jasho linamtiririka.

"Mwanangu, utaweza kutusukuma mpaka nyumbani?"

"Mama mkunga," Breki alisema, "nimekuletea wangapi hapa? Wewe mmoja tu nitashindwaje kukurudisha?"

Tepu akamfungulia mlango. Akakaa. Kiti kilimpokea sawasawa, na pembeni, kila upande, kilibaki na nafasi ya vidole viwili. Gari likaanza kuteremka polepole. Kulikuwa na shimo moja kubwa pale chini ya kilima, kila mtu analijua, na walipolikaribia Tepu alimwona mkewe amejishika tumbo kwa mikono miwili na kufumba macho, akisubiri kurushwa. Magurudumu yakaingia shimoni, yakatoka. Hakurushwa.

"Hivi ndivyo walivyokuwa wanakuja kwangu," akasema. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Tepu akashika usukani kwa mikono miwili.

Walipofika njia panda ya kwao, mkewe akatoa kichwa dirishani.

"Breki! Usiingie hapa. Tuzungushe kwa ile barabara ndefu, tupitie sokoni."

Nyuma ya gari Breki akaweka bega vizuri, akamwambia kaka yake kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Miaka kumi na moja kila mama ninayemsukuma ananiambia niharakishe. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia nizunguke."

Wakazunguka.